Eda Yetu Msimu wa Majani

Bismillahi. Naanza kwa jina Lake, na kwa kalamu ya marehemu.

Jumanne, tarehe 20 mwezi wa nane

Raisa, binti yangu wa pekee, alinipigia simu jana kutoka Ubelgiji. Anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Akasema, "Mama, andika. Kila siku, hata musitari moja. Huku wazee wenye huzuni tunawapa kaye na kalamu, inawasaidia." Mimi shule niliacha mwaka wa sita, na tangu hapo nimeandika majina ya wateja wa ndagala tu, dagaa wa ziwa letu. Lakini kaye ipo, daftari hili. Ayubu aliinunua na hakuandika hata ukurasa mmoja. Na mimi niko ndani, sina pa kwenda.

Ayubu, mume wangu wa miaka thelathini na moja, alifariki Jumatano tarehe 7. Nakaa eda. Miezi minne na siku kumi: hakuna kutoka bila dharura, hakuna manukato, hakuna wanja wala hina, hakuna kujifunga kikwembe cha rangi kali. Nimechukua kalandriye ya ukutani, ile tuliyopewa na muuza mawese, nikahesabu kwa kidole. Tarehe 7 mwezi wa kumi na mbili, ongeza kumi, inakuwa Jumanne tarehe 17. Nimeizungushia kalamu nyekundu. Shemeji Alimasi, mdogo wake Ayubu, nimemwambia tarehe hiyo na ameiandika kwenye simu yake.

Sasa neno ambalo Raisa sijamweleza vizuri. Siko peke yangu katika eda hii.

Ayubu alikuwa na mke wa pili, Nour, mwanamke wa Baraka, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Alimpata huko alipokuwa akifuata ndagala. Ni miaka tisa sasa, na kwa miaka yote hiyo sikumsalimia. Alijengewa nyumba chini, karibu na maji. Mwezi wa nne ziwa lilipanda likaichukua, Ayubu akampangia chumba. Siku ya nne ya msiba Alimasi alikuja naye hapa kwangu. Amebeba mfuko mmoja, sufuria moja, na ufagio wake wa vijiti vya mchikichi.

Nilisema mbele za watu kwamba nyumba hii iko kwa jina langu, niliijenga kwa ndagala zangu.

"Mama Raisa," Alimasi akanijibu, "mujane anakaa eda kwa nyumba ya mume wake. Ya Nour iko ndani ya maji. Unataka akae eda na samaki mukeke?"

Wafiwa wakacheka, kisha wakajifunika midomo. Nikasema sawa, mpaka tarehe 17. Siku hiyo Alimasi aje amchukue ampeleke kwao.

Ijumaa, tarehe 23

Vumbi. Milima ya Kongo haionekani kabisa, moshi wa mashamba umeimeza.

Alhamisi, tarehe 29

Mti wa flambwayani wa pale mlangoni, alioupanda Ayubu mwaka Raisa alipozaliwa, umepukutika wote. Vijani vyake ni vidogo kama punje za mchele, vinaingia hadi kwenye maji ya kunywa. Nafagia asubuhi, mchana vimerudi.

Tumegawana uwanja bila kusemezana. Mimi nafagia kutoka mlangoni hadi jikoni, yeye kutoka jikoni hadi uzioni. Katikati pamebaki mstari wa majani ambao hakuna anayeugusa. Jirani amepita akauliza kama tunapanda kitu pale.

Jumatano, tarehe 4 mwezi wa tisa

Baada ya magharibi Nour amesimama uzioni kwa muda mrefu akiangalia upande wa ziwa. Mwezi umeandama, kijikucha chekundu ndani ya moshi. Nadhani anawakumbuka watu wake. Nikasema moyoni, vumilia, utakwenda tu.

Jumanne, tarehe 10

Leo hakuna neno. Dagaa, bugari wa muhogo, majani.

Jumatano, tarehe 25

Raisa ametuma sauti na picha ya mti wenye rangi ya mawese yaliyoganda. "Mama, automne imefika. Ni majira ya majani kuanguka. Watu huku wanaipenda sana, inatuliza moyo."

Nimeisikiliza mara tatu. Mti ukipukutika hapa kwetu tunasema jua limeuuma. Tunaumwagia maji ya kuoshea vyombo na kuuombea mvua. Sijawahi kuona mtu akienda kuutazama ili apone. Nimetoka nikasimama mbele ya flambwayani, labda na mimi kitanijia kitu. Kilichokuja ni hasira juu ya Ayubu kwa kupanda mti unaochafua hivi, halafu machozi, halafu njaa. Sielewi.

Nour alikuwa akinitazama kutoka jikoni. Akaingiza kichwa ndani.

Jumamosi, tarehe 28

Mvua. Ya kwanza. Alasiri upepo ulitoka ziwani, mabati yakapiga kelele, halafu ikamwagika kwa nusu saa na kukatika. Udongo ukatoa ile harufu.

Nilivuta pumzi hadi kifua kikauma. Nilifurahi. Ni lazima niliandike kama lilivyo: nilifurahi kama msichana, na Ayubu hajamaliza miezi miwili ardhini. Kisha nikakumbuka kwamba manukato ni haramu kwangu. Nikaziba pua na ukanda wa kilemba. Nikaona Nour naye ameziba yake.

Jumatatu, tarehe 30

Amekuja Bi Sharifa, mke wa shehe, anayetufundisha wanawake dini. Nikamwuliza kwa sauti ya chini kama harufu ya mvua inahesabiwa.

"Inahesabiwa kuwa nini?"

"Manukato, Bi Sharifa. Nimeinusa na imenifurahisha."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, yale hukujipaka. Mungu njo ameipaka dunia yake, weye ulipita tu karibu. Nusa."

Nour akasema kutoka jikoni, "Na miye nilikuwa nataka kuuliza hiyo." Ndiyo sentensi ndefu zaidi niliyoisikia kwake tangu aje.

Nimeangalia ng'ambo. Milima ya Kongo imerudi, kila bonde linaonekana, kana kwamba mtu amefuta kioo.

Ijumaa, tarehe 4 mwezi wa kumi

Nour yuko uzioni tena, mwezi umeandama. Sasa kwao anapaona vizuri. Nikajikuta nataka kumwuliza ni mlima upi. Sikuuliza.

Jumanne, tarehe 15

Nimeshindwa kuandika siku tano. Malaria. Nakumbuka vipande tu. Mkono unaniinua kichwa. Uji wenye ndimu. Mtu anaimba taratibu kwa kibembe, lugha ya kwao Nour, anadhani nimelala. Nilipoamka na akili zangu nilitoka nje nikiwa nimeshika ukuta. Uwanja ulikuwa umefagiwa wote, upande wangu na upande wake, na ule mstari wa katikati haupo.

"Nani amefagia huku?"

"Upepo," Nour akasema. "Kaa chini, yaya, utaanguka."

Ameniita yaya, dada mkubwa. Kwa miaka tisa sijui alikuwa akiniita nani kwa Ayubu. Nimekaa chini.

Jumamosi, tarehe 19

Kumbikumbi wametoka baada ya mvua. Tumewakaanga kwa chumvi. Nour anang'oa mbawa haraka kuliko mtu yeyote niliyemwona. Tumekula kwenye sahani moja.

Jumatano, tarehe 23

Bi Sharifa amekwenda Bujumbura kwa binti yake anayekaribia kujifungua. Anasema atarudi Mungu akitaka na esansi ya gari ikipatikana.

Raisa ametuma sauti ndefu. Nainakili hapa maana inanizunguka kichwani.

"Mama, kiangazi huku watu wote wanakulazimisha ufurahi. Jua linawaka hadi saa nne ya usiku, watu wako nje wanacheka, na weye mwenye huzuni unajiona kama mwizi. Automne ikifika inakupa ruhusa. Giza linaingia mapema, unafunga mlango, unapika supu, hakuna anayekuuliza una nini. Jumapili natembea msituni, majani yanafunika viatu, hewa ni baridi, kichwa kinanifunguka. Baba nimemlilia kule, siyo chumbani. Na unaona ile miti, Mama? Haishikilii. Jani likitaka kwenda, mti unaachia, na haufi. Mwaka wa kwanza niliogopa, nilidhani imekufa. Sasa naingoja."

Inakupa ruhusa. Nimelifikiria neno hilo mchana kutwa. Eda nayo inanipa ruhusa. Kwa miaka thelathini nimeamka saa kumi za alfajiri kuwahi mitumbwi inayorudi. Sasa nakaa. Nasikiliza mvua kwenye mabati na chai mkononi, na hakuna anayeniambia Mama Raisa amka. Nalala vizuri kuliko nilivyolala Ayubu alipokuwa hai. Je, mjane anaruhusiwa kulala vizuri? Nikisali nasema Mungu mrehemu, na ni kweli namwombea kwa moyo wote. Nikimaliza nakunja mkeka, naona jinsi mawingu yanavyotembea juu ya ziwa, na roho inatulia. Labda mimi ni mtu mbaya. Labda hii ndiyo rehema yenyewe na ninaikataa mlangoni. Sijui namna ya kutofautisha.

Na lile la miti kuachia limenichoma. Mimi nina jani moja ambalo sijaliachia.

Jumamosi, tarehe 2 mwezi wa kumi na moja

Mwezi umeandama. Mwenzangu yuko uzioni. Nimeandika "mwenzangu" bila kufikiri. Siifuti.

Jumamosi, tarehe 9

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Mvua ilianza baada ya adhuhuri, kubwa, maji yakapita uwanjani kama mto. Tulikuwa jikoni mimi na Nour, tunachambua maharagwe. Mlango wazi, hewa ya baridi inaingia, moto unawaka. Kama si eda ningesema ni siku nzuri. Nour akasema, bila kuinua macho:

"Yaya, kuna neno iko linanisumbua. Usikasirike."

"Sema."

"Siku ya mwisho. Ayubu hakuniulizia? Hata jina tu?"

Ningeweza kusema hapana. Maharagwe yalikuwa mkononi. Ningesema hapana, mambo yangekwisha, angekwenda kwao tarehe 17 na mimi ningebaki na uwanja wangu wote.

Jumanne ile, siku moja kabla ya kufa, alasiri, Ayubu alifungua macho akasema, "Niitie Nour." Nikasema ndiyo. Nikatoka, nikaja jikoni hapa hapa, nikapuliza moto uliokuwa unawaka vizuri. Chumba cha Nour kilikuwa dakika kumi kwa baiskeli. Sikumtuma mtu. Niliporudi akaniuliza, "Anakuja?" Nikasema, "Yuko njiani." Akalala akiwa ameelekeza uso mlangoni. Kesho yake kabla ya adhuhuri alikuwa amekwenda. Nour alifika Ayubu ameshafunikwa.

Nikamwambia yote. Nilimwambia hata la uso mlangoni, sijui kwa nini, pengine hilo ningemfichia.

Hakulia. Aliweka ungo chini polepole ili maharagwe yasimwagike. Akachukua ufagio wake akatoka nje kwenye mvua, akaanza kufagia upande wake. Maji yalikuwa yanapita juu ya miguu yake, hakuna cha kufagia, naye anafagia. Nilimwita, "Nour, utaumwa." Akaendelea. Aliporudi kikwembe kilikuwa kimemganda mwilini. Akaingia chumbani kwake akafunga mlango, na sufuria yake akaenda nayo.

Sasa wewe daftari niambie. Nimesema kweli, kama dini inavyotaka. Nimeachia jani, kama binti yangu anavyosema. Kifua changu ni chepesi kweli, na sithubutu kuutazama mlango wake, kama mtu aliyeiba. Inawezekanaje vyote viwili kwa siku moja?

Jumapili, tarehe 10

Hasemi.

Jumatano, tarehe 13

Hasemi. Mstari wa majani umerudi katikati ya uwanja, ingawa mti hauna majani mengi ya kuangusha sasa, yanachipua mapya. Nadhani ameyakusanya akayapanga.

Jumapili, tarehe 17

Umebaki mwezi mmoja kwenye kalandriye yangu. Zamani nilikuwa naweka alama kila asubuhi kwa haraka. Leo kalamu ilikaa mkononi. Nilitaka siku hizi zipite. Sasa sitaki zipite hivi.

Alimasi amepiga simu kuuliza kama mambo ni amahoro, kama kuna amani hapa. Nikamwambia amahoro.

Alhamisi, tarehe 21

Flambwayani imechanua. Jana ilikuwa na vifundo, leo imewaka yote, nyekundu toka juu hadi kwenye matawi yanayogusa uzio. Upepo wa asubuhi ukaangusha maua ya kwanza, mengi yakalala upande wa Nour.

Nilikuwa napepeta mchele. Akasimama mbele yangu na ufagio.

"Yaya, maua yako yameingia upande wangu."

Siku kumi na mbili. Sauti ilikuwa imekauka kama ya mtu aliyetoka safari.

"Nisamehe," nikasema. "Si kwa maua."

"Najua siyo kwa maua." Akatazama mti. "Bado. Usiniharakishe."

Kisha akafagia, yake na yangu, na maua akayarundika chini ya shina, hakuyatupa.

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa kumi na mbili

Mwezi umeandama. Leo nami nilikwenda uzioni nikasimama kando yake. Nikamwuliza mlima wa kwao ni upi. Akanionyesha kwa kidevu. Akaniambia mama yake ameshakufa, kaka yake ana wake watatu na nyumba ya vyumba viwili. Nikauliza, "Sasa utalala wapi?" Akasema, "Alimasi anajua." Alimasi hajui kitu, namfahamu.

Nilitaka kusema neno. Lakini mtu uliyemfungia mlango wa mume wake asimuone akifa, unamwambiaje kaa nyumbani kwangu? Atadhani nalipa. Labda ni kweli nalipa. Sijui. Nikasema, "Baridi imeanza, tuingie."

Jumapili, tarehe 8

Nour anafua na kukunja. Nguo zote alizo nazo zinaenea kwenye kiti kimoja.

Jumamosi, tarehe 14

Leo Nour ameoga muda mrefu sana, mpaka nikagonga kuuliza kama maji yamekwisha. Ametoka, amevaa kile kikwembe chake cha eda, amekaa palepale anapokaa siku zote, akaanza kumenya mihogo. Nikamwuliza kuna nini. "Nilisikia joto," akasema. Mvua ilinyesha tangu asubuhi.

Jumapili, tarehe 15

Nimecheka. Naliandika hapa ili nilitubie. Nour alikuwa anaigiza jinsi Ayubu alivyoogopa kuku. Kumbe kwa mkewe huyu pia alikuwa akipanda juu ya kiti. Kwa miaka tisa nilidhani kule alikuwa mwanamume mwingine, jasiri, mwenye maneno matamu. Kumbe ni yuleyule na kuku walewale. Nilicheka hadi nikashika mbavu, zikiwa zimebaki siku mbili za eda. Astaghfirullah.

Jumatatu, tarehe 16

Bi Sharifa amerudi. Mjukuu ni mzima, njiani amelala siku mbili Kabezi kwa kukosa esansi. Kaja moja kwa moja na mfuko wake. Nikamwambia, "Umewahi, Bi Sharifa. Kesho njo tunatoka eda, utuogeshe."

Akanitazama. "Kesho?"

"Kesho tarehe 17." Nikamwonyesha duara nyekundu ukutani.

Akavaa miwani, akaisogelea kalandriye, akaitazama kama mtu anayetazama kuku aliyekufa. "Nani amekuhesabia?"

"Mwenyewe."

"Kwa hii karatasi ya mawese?" Akaanza kuhesabu vidoleni. "Ayubu alikufa mbili ya mwezi wa Safar. Mwanangu, eda inahesabiwa kwa kuandama mwezi kule juu, si kwa karatasi ya wazungu. Miezi ya Mungu ni mifupi. Eda yenu iliisha Jumamosi. Mimi nilidhani nimechelewa, nilikuja kuwapa mukono tu."

Nimeshika ukuta kama siku ya malaria. Miaka yote ya Ramadhani nimefuata mwezi kama watu wote, na hili sikulifikiria hata mara moja. Nikamwuliza kama nimetenda dhambi. "Dhambi gani? Mumekaa kwenu. Kukaa nyumbani hakuna dhambi." Maana yake jana nilicheka nikiwa huru. Nimetubia bure.

Halafu nikageuka. Nour alikuwa anamenya mihogo, ganda linashuka refu, halikatiki. Kila mwezi uzioni. Kila mwezi, akitazama juu, na mimi nikidhani anatazama ng'ambo.

"Ulijua," nikasema.

"Weye ulikuwa na kalandriye," akasema. "Nani mimi kubishana na kalandriye?"

Bi Sharifa akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akachukua mfuko wake akasema anakwenda kusalimia majirani.

Jumamosi ile aliyooga. Alikuwa huru. Alitoka bafuni huru, angeweza kuchukua mfuko wake akaenda barabarani, na mimi nilimfanyia yale niliyomfanyia. Akavaa tena kikwembe cha eda, akakaa chini. Nimeuliza kwa nini, akaenda kuinjika mihogo. Naandika na sielewi. Naogopa kuelewa vibaya nikafurahi mapema.

Jumanne, tarehe 17

Alimasi alifika saa tatu asubuhi na gari ya kukodi. Alikuwa ameshaanza kujisifu kabla ya kuzima gari.

"Nimepanga foleni siku mbili kwa esansi hii. Mama Raisa, amahoro? Haya, bibie, leta mizigo, dereva ana mambo."

Nour alitoka na mfuko wake mmoja na sufuria. Amevaa kikwembe cha kijani ambacho sijawahi kumwona nacho. Bi Sharifa alikuwa amempaka hina vidoleni, na mimi pia, na nilikuwa nanukia udi kama bibi harusi mzee. Alimasi akatia mfuko ndani ya buti ya gari.

Nour akaagana nami kwa mikono miwili, kwa adabu, akashukuru. "Murakoze, yaya. Kwa yote."

Ndipo nikaona ufagio wake. Ulikuwa umeegemea shina la flambwayani. Aliingia nao siku ya kwanza, ni mali yake, na alikuwa ameusahau, au hakuusahau. Nikasema mbele ya Alimasi na dereva na jirani aliyekuwa amesimama kwa sababu zake:

"Nour. Jumamosi ulikuwa huru. Ulikaa kwa nini?"

Akatazama chini. Maua yalikuwa yameanguka tangu alfajiri, uwanja mzima mwekundu, hakuna aliyefagia kwa sababu ya pilikapilika.

"Nilikuwa sijamaliza kukukasirikia," akasema. "Na nikikukasirikia nikiwa Baraka, haitakuwa na faida." Kisha akasema, "Na haya maua. Weye unafagia vibaya, unaacha kwenye pembe. Nani angefagia?"

Nilitafuta maneno makubwa. Nilikuwa nimeyatunga tangu jana, ya dini na ya undugu. Hayakuja. Nikasema, "Basi maliza hapa."

"Inaweza kuchukua muda, yaya."

"Nyumba iko kwa jina langu. Hakuna anayekuharakisha."

Alimasi alikuwa ameshika buti. "Mama Raisa, nimepanga foleni siku mbili."

"Shemeji, shusha mufuko. Na hiyo esansi utupeleke ziwani, nyumba ya Nour tukaione. Tangu mwezi wa nane hatujafika majini."

Tulikwenda. Maji yamerudi nyuma kidogo, ukuta mmoja umesimama, na kwenye dirisha mtu ameanika nyavu. Nour aliangalia, mimi niliangalia. Upepo ulikuwa baridi baridi. Milima ilikuwa karibu kama unaweza kuigusa. Alimasi alilalamika njia nzima ya kurudi.

Sasa hivi Raisa amepiga. Huko kwao majani yamekwisha, miti imebaki mitupu, anasema theluji inakuja. Akauliza, "Mama, eda imeisha. Unajisikiaje?" Nikamwambia sijui, mwanangu. Sijasamehewa na nimefurahi. Nimemlilia baba yako asubuhi na mchana nimekula samaki wawili. Ukipata kwenye vitabu vya huko jina la hali hiyo, niambie.

Akacheka. Akauliza ile sauti nyuma yangu ni nini.

Nikamwambia ni mamako mdogo, anafagia pembe.